Kwa bahari kupita ni haki, kwa njia yetu ni franga

Wababa, wamama na wandugu wa Rubaya, wa Ngungu, wa Nyabiondo, wa Mubi na wa Njingala, leo tunataka kusema juu ya bahari. Tunajua wengi kati yetu hawajaiona hata siku moja. Maji mingi yenye tunajua ni Ziwa Kivu, na ndugu zetu wa Walikale wanajua zaidi mto Lowa kuliko ziwa. Lakini kila mufuko wa coltan ao wa cassitérite wenye unatoka kwetu unamalizia safari yake ndani ya meli. Na ndani ya miaka hii, inchi kubwa za dunia zimetuma meli za vita, ndege na mamilioni ya dola juu ya neno moja tu: meli ipite. Wao wanaita ile uhuru wa kusafiri baharini. Sisi tunasema neno lile ni letu pia, na tuko na haki ya kuuliza juu ya nini linaishia Mombasa na Dar es Salaam, halipande mpaka Sake.

Tuanze na kile kilifanyika. Tarehe 19 Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walishuka na helikopta juu ya meli moja ya kubeba magari, Galaxy Leader, ndani ya Bahari Nyekundu. Wakaikamata pamoja na mabaharia wake 25. Walisema wanafanya vile juu ya vita ya Gaza. Kisha wakaanza kurusha makombora na drone juu ya meli zenye kupita kwenye mulango wa Bab el-Mandeb, pale bahari inakuwa nyembamba, kama kilomita 30 hivi kutoka ngambo mpaka ngambo. Meli Rubymar, yenye ilikuwa imejaa mbolea, ilizama mwezi wa tatu 2024. Siku chache tu mbele ya hapo ao nyuma yake, mabaharia watatu wa meli True Confidence walikufa. Makampuni makubwa ya meli yakaacha njia ya Suez, yakazunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi za ziada ao kupita.

Dunia ilijibu namna gani? Mwezi wa kumi na mbili 2023, Marekani ilikusanya inchi zingine kwa kulinda ile njia. Tarehe 10 Januari 2024, Baraza la Usalama la ONU likapitisha azimio 2722. Mwezi wa pili, Umoja wa Ulaya ukatuma meli zake. Hesabu mwenyewe: miezi mitatu. Kwetu, njia ya Goma kwenda Masisi ilikatwa Sake ndani ya mwezi ule ule wa pili 2024, na hakuna mutu aliitisha kikao cha dunia juu ya ile njia peke yake.

Hatusemi hivi juu ya wivu. Mabaharia wale ni wafanyakazi kama sisi, wengi ni Wafilipino na Wahindi, wenye wameacha bibi na watoto nyumbani juu ya kutafuta. Mutu mwenye ameshinda ndani ya tunnel anajua vizuri maana ya kufungiwa mahali bila kujua kama utatoka. Tunasema juu ya kitu kingine. Wahouthi walifungua hata ofisi ya kuombea ruhusa ya kupita. Na wataalamu wa ONU, katika ripoti yao ya 2024, waliandika kama wameelezwa na watu wa kazi ya meli kwamba makampuni fulani yanalipa franga ili wapite salama, makadirio ya dola milioni 180 kwa mwezi, hesabu yenye wenyewe walisema hawakuweza kuihakikisha. Sasa mutu wa Masisi akisikia vile atashangaa nini? Ile kitu tunaijua. Kwetu inaitwa jeton. Mahali pengine inaitwa lala salama: unalipa ili ulale. Kule baharini, wakubwa wa dunia waliita ile uhalifu. Huku kwetu, tangu miaka 20 na zaidi, wanaiita hali ya eneo.

Tufuate kidogo ule mufuko wetu. Wengi wanafikiri Bahari Nyekundu njo njia yake. Hapana. Madini yenye yanaenda Asia yanatoka Mombasa ao Dar es Salaam, yanavuka Bahari ya Hindi, yanapita mulango wa Malacca karibu na Singapore, na kama yanaenda China yanaingia Bahari ya China Kusini. (Vyenye vinapita Suez kuja kwetu ni vitu kama ngano ya Urusi na ya Ukraine, njo maana mukate pia ulikuwa ndani ya ile mambo.) Basi, ile Bahari ya China Kusini ndiyo maji yenye kugombewa kupita karibu yote duniani. China inasema sehemu kubwa ni yake. Ufilipino, Vietnam, Malaysia na wengine wanasema hapana. Tarehe 12 Julai 2016, mahakama ya wasuluhishi kule La Haye ilisema madai ya China juu ya ile mistari yake kwenye karte hayana musingi katika sheria. China ikakataa hukumu. Mpaka leo meli za vita za Marekani zinapita pale makusudi, si kwa kupigana, ni kwa kuonyesha kama njia iko wazi. Marekani iko na mupango wa kufanya vile tangu 1979. Mawazo yao ni haya: haki ya kupita, kama hakuna mutu anaitumia, inakufa polepole.

Na angalia jambo hili. Mufuko wetu unapita kati ya wale wenye nguvu wawili, wenye kuangaliana na mizinga, na hakuna mwenye anausimamisha. Hakuna mwenye anaomba ya kahawa. Umevuka bahari yenye kugombewa na mataifa sita bila kulipa kitu kwa kupita. Mahali ulisimamishwa ni kati ya carré na Goma.

Sasa sheria. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya bahari yaliwekwa sahihi Montego Bay, katika Jamaïque, tarehe 10 Desemba 1982, na yalianza kufanya kazi mwaka 1994. Inchi yetu imo. Sheria hii inasema kwamba maji ya kilomita 22 hivi kutoka pwani ni ya ile inchi yenye pwani, lakini meli ya kigeni iko na haki ya kupita pale kama haina ubaya. Halafu kuna artikle ya 26, yenye tunapenda kila mutu wa Walikale aijue kama anavyojua jina la mutoto wake. Inasema hivi, kwa maneno yetu: hauwezi kumulipisha mutu juu ya kupita tu. Ukimufanyia kazi, ukimuongoza meli yake, ukimuvuta, ukimusaidia, unaweza kuomba malipo ya ile kazi. Na malipo yawe sawa kwa wote, bila ubaguzi. Lakini kupita peke yake hakulipishwi.

Mutu atatuambia: ninyi wandugu, ile ni sheria ya meli, ninyi muko na matope na moto. Ni kweli. Tena hata ile sehemu ya sheria yenye inasaidia inchi zisizo na bahari, yenye kuzipa haki ya kufika baharini kupitia inchi ya jirani bila kodi ya kupita, haituhusu sawasawa. Juu Kongo iko na bahari: vipande vya pwani pale Muanda na Banana, kilomita 40 hivi. Kwa karatasi sisi ni watu wa pwani! Lakini kutoka Walikale, Mombasa iko karibu kuliko Banana, na hakuna lori yenye imewahi kutoka Mubi ikashuka Banana na cassitérite.

Lakini kuna karatasi ingine, ya zamani, yenye inatujibia vizuri zaidi. Tarehe 26 Februari 1885, kule Berlin, inchi 14 ziliweka sahihi juu ya kikao chenye kilikata Afrika. Hakuna Mukongomani hata mumoja alikuwa ndani. Tunajua kile kilifuata, kazi ya nguvu na caoutchouc na mikono yenye kukatwa, na hatukuje hapa kusifu Berlin. Ila someni kile walijiandikia wenyewe juu ya mto Kongo. Walisema meli za biashara za mataifa yote zitapita huru. Walisema hakuna ushuru juu ya kusafiri peke yake, ila tu malipo ya kazi yenye imefanywa kwa faida ya wasafiri. Walisema mito yenye kuingia ndani ya Kongo na maziwa pia yanafuata sheria ile ile. Lowa yetu inaingia Lualaba, na Lualaba njo Kongo. Tena, na hapa wengi hawajui, waliongeza kwamba barabara na reli zenye zitajengwa mahali mto haupitiki zitahesabiwa kama sehemu ya mto, na ushuru wake hautapita gharama ya kujenga, kutunza na kusimamia ile njia, pamoja na faida ya mwenye kuijenga.

Njia yenye kuchukua nafasi ya mto ni sehemu ya mto. Wazungu wa 1885 waliliona lile neno rahisi, juu mizigo ilikuwa yao. Hatusemi ile karatasi ya Berlin ndiyo sheria ya leo. Ilibadilishwa Saint-Germain mwaka 1919, na uhuru wetu ulikuja 1960. Tunasema tu kwamba mutu asituambie tena kama haki ya kupita ni jambo la maji ya chumvi. Waliijua kwa njia ya inchi kavu tangu mababu zetu walikuwa wanabeba mizigo yao kichwani.

Turudi kwetu. Mwaka 2017, watafiti wa IPIS wa Ubeligiji walihesabu bariere za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, wakapata 798. Walizipima moja kwa moja, mahali iko, nani anaisimamia, nini inalipishwa. Zingine za askari wa serkali, zingine za vikundi vya silaha, zingine za wakubwa wa mahali. Tangu pale bendera zimebadilika mara nyingi. Rubaya iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa ine 2024, na wataalamu wa ONU waliandika mwisho wa mwaka ule kwamba kodi juu ya coltan ya pale inaingiza kama dola 800,000 kwa mwezi. Upande wa Walikale kuna Wazalendo, kuna askari wa serkali. Kamba inabaki kamba. Inafungwa kwenye miti miwili, na kijana mwenye anaishika anabadilishwa.

Wengi wanafikiri kamba inamulipisha négociant. Sisi tunasema hapana, na hesabu ni hii. Bei ya étain haitengenezwe Njingala wala Goma. Inatengenezwa London, na ile ya tantale inapatanwa na wanunuzi wa mbali. Comptoir anajua bei yake, anaondoa ya kwake. Négociant anajua comptoir atamupa ngapi, anahesabu bariere zote zenye ziko mbele yake, anaziondoa. Motari anaondoa ya kwake. PDG wa tunnel anaondoa ya kwake. Kile kinabaki njo cha creuseur. Tuseme kwa mufano tu: kama kuna bariere kumi, na kila moja inakula dola mbili kwa mufuko, zile dola 20 hazitoki kwa mutu wa China mwenye ananunua, juu yeye hawezi kuongeza bei kwa sababu ya kamba ya Mushaki. Zinatoka ndani ya tunnel. Ndiye wa mwisho katika mustari, na hana mutu nyuma yake wa kumukata.

Na kamba inakata mara mbili, juu hata chakula kinapita pale pale. Mama mwenye anapandisha maharagi, chumvi, sabuni na mawese kwenye carré analipa, na ile analipa iko ndani ya sahani ya bugari yenye creuseur anakula jioni. Muzigo ukishuka umekatwa, chakula kikipanda kimekatwa. Wazee wa Walikale wanakumbuka wakati wa Bisie ya zamani, watu walikuwa wanabeba mifuko ya kilo 50 mugongoni kupita pori mpaka Njingala, na ndege zinatua juu ya barabara pale Kilambo. Mule porini kulikuwa kamba. Mwezi wa tisa 2010 rais alifunga uchimbaji wote katika Kivu mbili na Maniema, ikafunguliwa tena mwezi wa tatu 2011. Ile miezi uchimbaji ulikuwa umekatazwa. Je, kamba zilikatazwa?

Wakati njia ya inchi kavu inafungwa, watu wanashuka kwenye maji. Tulilipa ile. Tarehe 3 Oktoba 2024, bateau Merdi ilitoka Minova ikiwa imejaa watu na mizigo kupita kipimo, ikapinduka karibu na kufika Kituku. Makumi ya watu walikufa, na wale wenye walikuwa wanangojea wapendwa wao kwenye ngambo waliona na macho yao. Watu wengi wa ndani ya ile bateau walikuwa ni wa njia ya Sake, wenye zamani wangepanda taxi-bus wakafika Goma saa chache. Vita ilikata njia, ziwa likabaki peke yake. Halafu mwezi wa kwanza 2025, vita ilipofika Minova na Goma, hata bateau zikasimama, Goma na Bukavu zikawa kama hazijuane mpaka mwezi wa pili. Kwa ziwa letu hakuna meli ya Ulaya yenye ilikuja kusema: hapa watu wapite.

Sasa, maneno ya wale wenye hawatakubali. Wa kwanza atasema bariere ni usalama. Kama ni usalama, atuonyeshe ile kazi. Artikle ya 26 inamuruhusu kabisa: ulituongoza, lipa, ulitengeneza daraja, lipa, toa kitansi yenye jina, tarehe na kiasi. Sisi hatukatae kodi. Barabara ya Sake kupanda Masisi wakati wa mvua, kila mutu anaijua, na yule mwenye ataitengeneza tutamulipa na furaha. Ila kushika kamba si kazi, na kuacha kunipiga si huduma.

Wa pili atasema: mukifungua njia, munafungulia magendo. Huyu tunamuheshimu, juu mwezi wa pili 2025 serkali iliweka site za Masisi kwenye rouge, na kuna sababu. Lakini tumwulize: bariere gani imewahi kusimamisha magendo? Bariere haiulizi muzigo umetoka wapi, inauliza franga iko wapi. Mwenye kulipa anapita, mwenye karatasi safi bila franga analala pale. Mutu wa kukagua madini ni ingine, na mahali pake ni pamoja na panajulikana.

Wa tatu atasema: wale wenye kukula kwenye kamba hawataacha hivi hivi. Ni kweli, na hapa Danemark inatufundisha. Kwa miaka zaidi ya 400, mufalme wa Danemark alikuwa anakamata ushuru kwa kila meli yenye kupita mulango wa Øresund, na mizinga yake ilikuwa juu ya ngome pale Helsingør. Hakuna huduma, ni kupita tu. Mwaka 1857 inchi zenye meli zilichoka, wakakaa Copenhague, wakapatana: Danemark inapewa franga kubwa mara moja, na ushuru unakufa kabisa. Kamba ilinunuliwa. Hakuna mutu alipigwa risasi. Tukifikiria ile dola yenye inaingia kila mwaka kwa jina la kuondoa silaha na kurudisha vijana kwenye maisha, tunajiuliza juu ya nini hakuna hata moja yenye inatolewa wazi kwa jina la kamba: huyu kijana alikuwa anakula hapa, kazi yake mupya ni hii, kamba hii imekufa, tarehe ni hii.

Hatuombe meli za vita. Hata kule, na ile nguvu yote, Wahouthi walizamisha meli zingine mbili mwezi wa saba 2025, Magic Seas na Eternity C. Kile bahari iko nacho na sisi hatuna ni daftari. Meli ikisimamishwa ao ikipigwa, saa ile ile inaandikwa: jina, mahali, saa, nani. Watu wa assurance wanaijua, wenye muzigo wanaijua, ONU inaijua. Kwetu, motari analipishwa mara saba toka asubui mpaka jioni na hakuna mahali ile inaandikwa, isipokuwa ndani ya kichwa chake. Cooperative zetu ziko na makarani. Négociants wako na makaye. Ile hesabu yenye munafanya kwa siri juu ya kupanga bei, ifanyeni wazi kwa mwezi mumoja, bila kutaja jina la motari.

Mwezi wa sita 2025, tarehe 27, Kinshasa na Kigali waliweka sahihi Washington. Mwezi wa saba, tarehe 19, serkali na AFC/M23 waliweka sahihi Doha juu ya kanuni za kwanza. Wanasema juu ya kusimamisha risasi, wafungwa, wakimbizi, madini. Tunaomba wale wenye wanakaa kwenye ile meza, wa pande zote, waweke artikle moja fupi, hata waikopi kutoka Montego Bay: kupita tu hakulipishwi, huduma inalipwa na kitansi, bei moja kwa wote. Na waanze na njia moja yenye kila mutu anaweza kuiangalia, Sake, Masisi-centre, Nyabiondo mpaka Walikale, na ziwa kati ya Goma, Minova na Bukavu. Kila mwezi wahesabu kamba, watangaze hesabu kwa radio, kwa Kiswahili.